Niliandika Jina la Bibi Yule

Kwa miaka 12 nilikuwa mwandishi wa mkoa wa Tabora katika kampuni moja kubwa ya habari yenye makao yake Dar es Salaam. Sasa nimestaafu. Mabinti wa kanisani kwetu wanaosomea uandishi huja nyumbani kuniuliza kazi ile ilikuwaje, nami huwasimulia safari za Urambo na Sikonge, viongozi niliowahoji, na jinsi nilivyosomesha watoto kwa kalamu. Lakini jambo moja nimekuwa nikiliruka. Mume wangu aliniambia, "Mama, unawapa nyama bila mfupa." Basi leo nauandika na mfupa.

Kazi niliyoiombea

Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1992 nchi yetu ilirudi kwenye vyama vingi, na mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Magazeti mapya yakaota kama uyoga. Ilipofika 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, kila kampuni ya habari ilitaka kuwa na mtu mikoani.

Wakati huo nilikuwa karani mpiga chapa. Mume wangu alikuwa ameacha kazi mapema kwa sababu ya maradhi ya mgongo, na tulikuwa na watoto 4 shuleni. Niliposikia kwamba kampuni ile inatafuta mwandishi wa Tabora, nilifunga na kuomba siku 3, kisha nikatuma barua pamoja na habari mbili nilizoziandika mwenyewe: moja juu ya maji ya bwawa la Igombe, nyingine juu ya bei ya tumbaku. Baada ya mwezi mmoja nikajibiwa kwamba nimekubaliwa. Nilipiga magoti palepale sebuleni, barua ikiwa mkononi.

Msidhani kwamba nilipewa ofisi. Ofisi yangu ilikuwa meza ya chakula, tukishaondoa sahani. Niliandika kwa daftari, nikapiga chapa usiku, na asubuhi nikaenda posta kutuma kwa faksi. Siku ambazo laini ilikuwa mbaya, niliisoma habari kwa simu neno kwa neno, nikitaja majina herufi kwa herufi: N ya Nzega, S ya Sikonge, U ya Urambo. Mkanda wa picha niliufunga katika bahasha na kumkabidhi msafiri mwaminifu wa treni, nikiomba Mungu asiisahau bahasha kwenye kiti. Gazeti lenyewe lilitufikia kwa treni, siku ya pili au ya tatu baada ya kuchapishwa. Nililipwa kwa habari iliyotoka tu. Habari isiyotoka ilikuwa hasara yangu, pamoja na nauli na faksi.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Kampuni ile ilinifundisha kazi. Waliniita Dar es Salaam kwa miezi 2, wakanikalisha katika chumba cha habari chenye simu nyingi na kelele kama za sokoni, wakanionyesha jinsi ya kuuliza maswali: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Mwalimu wetu alikazia sana hilo la kwanza. Alisema habari isiyo na jina, umri na mahali ni uvumi. Nilishika somo lile kama nilivyoshika Amri Kumi. Majina yangu hayakuwahi kukosewa, na mhariri alinisifu kwa hilo mbele ya wenzangu.

Hata hivyo, habari zangu nyingi hazikutoka. Niliandika juu ya warina asali, wakulima waliocheleweshewa malipo, na zahanati isiyo na dawa. Kati ya habari 5, ilitoka 1, nayo pembeni, chini ya tangazo la sabuni. Mhariri wangu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniita Mama Tabora. Siku moja aliniambia kwenye simu, "Mama Tabora, shikamoo. Habari zako ni nzuri, lakini zinalala. Huko kwenu hakuna kitu cha kutikisa?"

Neno hilo lilinikaa moyoni. Karo ya muhula ilikuwa inakaribia.

Kichwa cha habari

Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilinyesha mvua za El Niño. Reli ya kati ilikatika, mashamba yakajaa maji, na baada ya mvua mbu wakawa wengi ajabu. Katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Sikonge, watoto 3 wa ukoo mmoja walifariki kwa homa katika muda wa wiki 2. Jirani yao alikuwa bibi mjane, anaishi peke yake, macho mekundu. Akina mama, sisi tunajua macho yale yanatoka wapi. Anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Lakini katika mikoa yetu ya magharibi macho mekundu yamewaua wazee wengi. Takwimu zilizokusanywa juu ya Tanzania Bara zilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 waliuawa watu zaidi ya 3,000 kwa kudhaniwa wachawi, na wengi wao walikuwa akina mama.

Usiku mmoja vijana walikwenda kwa bibi yule, wakachoma nyumba yake na kumpiga. Mungu ni mwema, mtendaji wa kijiji na mwinjilisti walimwokoa. Nilipata habari kesho yake, nikapanda lori la mkaa hadi huko. Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe, amefungwa kitambaa kichwani, hana kitu ila kanga aliyojifunga. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayo." Akaitikia kama kawaida, kana kwamba mimi ni mgeni aliyekuja kumtembelea, na akaomba radhi kwamba hana kiti cha kunipa.

Nilimwuliza maswali yangu yote. Akanijibu yote. Aliponiambia jina lake, nilimwomba alirudie ili nisilikosee. Akalirudia taratibu, silabi kwa silabi, huku akitazama kalamu yangu. Nikampiga picha. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo itanisaidia?" Nikasema, "Ndiyo, bibi. Serikali ikisoma, itakusaidia." Nilisema hivyo nikiamini, lakini naomba niseme kweli: nilikuwa pia nikiwaza ukurasa wa mbele.

Habari niliyoituma ilieleza wazi kwamba bibi huyu amesingiziwa, na kwamba watoto wale waliugua homa. Nilinunua gazeti kituoni siku treni ilipoingia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, jina langu lilikuwa ukurasa wa mbele. Juu yake palikuwa na picha ya bibi, macho yake yakionekana makali kwa sababu ya mwanga wa kamera. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno matano makubwa, na moja kati ya hayo ni "mchawi". Alama ya kuuliza iliyowekwa mwishoni ilikuwa ndogo mno. Maelezo yangu juu ya homa yalikuwa yamekatwa kwa kukosa nafasi. Jina lake, umri wake na kijiji chake vilikuwa vimeandikwa sawasawa kabisa.

Nilisimama pale kituoni nikijaribu kufurahi. Karibu yangu wanaume walikuwa wakisomeana gazeti kwa sauti, na mmoja akasema, "Kumbe ni kweli. Si wameandika?"

Mwisho wa mwezi ule nililipwa malipo ya habari pamoja na bahasha ya ziada ya pongezi, shilingi 20,000. Mhariri alisema gazeti la siku ile liliisha mitaani. Nililipa karo.

Bibi ananiuliza swali

Bibi yule alikuwa amehamia Tabora mjini kwa binti yake anayeuza vitumbua, mtaa ambao hakuna aliyemjua. Kabla ya gazeti alikuwa mama mzee aliyekuja kukaa na bintiye. Baada ya gazeti alikuwa na jina. Wateja wa vitumbua walipungua. Mwenye nyumba akamwambia binti atafute pengine. Hayo niliyasikia katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, kutoka kwa dada mmoja ambaye hakujua kwamba mwandishi ni mimi, kwa kuwa gazetini nilitumia jina la kwetu na kanisani wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Alipomaliza kusimulia akasema, "Tumwombee pia huyo aliyeandika." Wenzangu wakainamisha vichwa na kuniombea. Sikuweza kusema "Amina".

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimweleza mume wangu, kisha nikaenda kwa mchungaji na mke wake. Hawakunigombeza. Mama mchungaji alichukua kanga yake, akasema, "Twende."

Tulimkuta bibi uani akichambua mchele. Nilipiga magoti, nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika, na kwamba nilikuja kuomba radhi. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, gazeti hilo linaweza kurudi?"

Nikamwambia, "Hapana, bibi. Haliwezi."

Akasema, "Basi. Nami nilikuwa nauliza tu." Akaendelea kuchambua mchele wake. Baadaye alisema amenisamehe, na naamini alisamehe kweli, maana kila nilipokwenda alinibakizia kitumbua. Lakini hakurudi tena kijijini kwake. Aliishi kwa bintiye miaka 6, wakihama nyumba mara 3. Alipofariki alizikwa mjini, mbali na kaburi la mumewe na mbali na shamba alilolima tangu alipoolewa. Msamaha nilipewa. Shamba lake sikuweza kumrudishia.

Nilichokiona Kwihara

Nilimwandikia mhariri barua nikiomba gazeti lisahihishe. Jibu lilikuwa la upole, kwamba habari haikuwa na kosa la ukweli, na kwamba Mama Tabora apumzike kidogo aandike jambo jepesi, kwa mfano njia ya zamani ya misafara. Nilikasirika, lakini nilikwenda, maana kazi ni kazi.

Wageni wengi wanaofika Tabora hupelekwa Kwihara, kilometa chache nje ya mji, kuona tembe alimokaa Dakta Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye mlango wa kuchongwa, na miembe karibu. Nilikuwa nimefika hapo tangu nikiwa mwanafunzi. Safari hii nilisoma kwanza, nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: yule Henry Morton Stanley tuliyefundishwa kuwa ni mvumbuzi alikuwa mwajiriwa wa gazeti kama mimi. Mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett, alimwita Paris mwaka 1869 akamwagiza amtafute Livingstone. Hakutumwa kwa huruma peke yake. Alitumwa kwa sababu habari ile ingeuza gazeti.

Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika huku kwetu Juni, akazuiliwa Kwihara karibu miezi 3 kwa vita vya Mirambo na Waarabu. Alimkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba, na mwanzoni mwa 1872 wakarudi pamoja Kwihara. Dunia nzima ikasoma. Lakini msafara ule haukutembea kwa miguu ya Stanley peke yake. Ulibebwa na wapagazi, Wanyamwezi na watu wa pwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, na kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa karibu miezi 3. Akina mama nao walikuwa njiani. Halima, mpishi wa Livingstone, ni mmoja wao. Katika kichwa cha habari ya New York hakukuwa na nafasi ya Halima.

Kisha nikasoma lililofuata. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872, akafariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakachukua na madaftari yake, wakaanza kutembea. Walifika huku Tabora Oktoba 1873. Mwingereza Cameron aliyewakuta hapa aliwashauri wamzike hapahapa, yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo ilibidi waufunge mwili upya ufanane na robota la nguo, ili wapitishwe vijijini. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na Aprili mwaka huo ukazikwa London.

Nilikaa kwenye kizingiti cha tembe nikalia. Wale walikuwa watu wa kuajiriwa. Mwajiri wao amekufa, hakuna wa kuwadai. Wangeweza kuutua mzigo popote, na mtu mzima wa Kizungu alikuwa amewapa ruhusa. Lakini walijua kwamba mzigo ni wa mtu. Nami bibi alinikabidhi jina lake chini ya mwembe, akalirudia silabi kwa silabi ili nisilikosee, nikalitua kwenye mlango wa kwanza uliofunguliwa. Tena nililipwa.

Nilivyorudi kazini

Wengine watauliza kwa nini sikuacha kazi. Nilitaka. Mume wangu akaniuliza, "Ukiondoka wewe, atakayekuja ataandika vizuri zaidi?" Nikabaki. Niliandika barua ya pili, na ya tatu, safari hii nikaambatanisha maelezo ya mganga wa zahanati juu ya homa iliyowaua watoto. Baada ya wiki kadhaa gazeti lilichapa masahihisho ya mistari 6, ukurasa wa ndani. Niliyakata nikampelekea bibi. Binti yake alimsomea mara 2. Bibi akasema, "Ni madogo," na kweli yalikuwa madogo. Akayahifadhi ndani ya Biblia yake.

Tangu hapo nilijiwekea masharti, nikamweleza mhariri mapema ili asije akasema nimemficha. Mtu anayeweza kupigwa kwa sababu ya habari yangu, jina lake na kijiji chake sitavituma, hata nikiulizwa mara 10. Picha ya uso wake sitaipiga. Maelezo yanayomtetea nitayaandika katika sentensi ya kwanza, kwa sababu mkasi wa mhariri huanzia chini. Na kabla sijafungua daftari, nitamweleza mtu kwamba gazeti likishatoka halirudi, ndipo achague kusema au kunyamaza.

Masharti hayo yaliniletea hasara. Habari kadhaa zilikataliwa, na sikupata tena bahasha ya pongezi. Mwaka 2000 mwanangu wa pili alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Sisemi haya ili mnisifu. Nasema ili binti anayetaka kazi hii ajue bei yake kabla hajaingia. Lakini na hili nalisema pia: yule mhariri kijana, kabla hajahamia kampuni nyingine, alinipigia simu jioni moja. Akasema, "Mama Tabora, ile barua yako ya tatu ninayo mezani. Kila nikiandika kichwa cha habari, naisoma." Ni yeye aliyepitisha yale masahihisho ya mistari 6, na nilijua baadaye kwamba alilaumiwa kwa hilo.

Kwenu, akina mama

Siku hizi gazeti halisubiri treni. Kila mmoja wetu ana simu, na kila kwaya, kila kikundi cha akina mama kina kundi lake la ujumbe. Mwezi uliopita, katika kundi letu wenyewe, ilitumwa picha ya mama mmoja na jina lake na mtaa wake, na maneno ya kumtuhumu wizi wa mtoto. Ndani ya nusu saa ilikuwa imesambazwa na dada 11, wote wacha Mungu, kila mmoja akiandika "Tuombe". Nilipiga simu polisi nikauliza. Hawakuwa na taarifa yoyote juu yake. Picha ilikuwa imekwisha kufika Nzega.

Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anaufananisha ulimi na moto. Sisi wa Tabora tunaujua moto: mrina asali mmoja asipozima mwenge wake, pori zima la miombo huungua. Nasi siku hizi tunautembeza mwenge kwenye mkoba.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujabonyeza kutuma, mkumbuke bibi yangu akichambua mchele uani, ujiulize swali lake. Likitoka, linaweza kurudi? Kama hujui, litue simu yako chini, uende ukamtembelee mwenye jina hilo. Mungu atusaidie tuyafikishe salama majina ya watu tuliyokabidhiwa. Amina.